Mraba wa Mwezi wa Saba

Mabunda ya jarida yalipoingia kutoka kiwandani asubuhi ile, ofisi nzima ilinuka wino mbichi. Wenzake walikata kamba, wakagawana nakala, wakaanza kutafuta majina yao. Mstari alichukua yake, akaenda nayo mezani pake taratibu, akaifungua katikati kabisa, pale penye kalenda ya kuchomoa. Ndivyo alivyofanya kila mwaka. Aitazame kalenda kwanza, aridhike kwamba hakuna kilichokwenda upande, ndipo anywe chai yake.

Siku hiyo chai ilipoa mezani.

Jina la Mstari alibandikwa na wenzake kwa sababu hakuweza kuvumilia kitu kilichopinda. Hata fremu ikiwa imekaa vibaya kwenye ukuta wa benki, angetoka kwenye foleni akainyooshe, arudi akute nafasi imechukuliwa. Alikuwa msanifu kurasa, na toleo hili la mwanzo wa mwaka ndilo alilolipenda kuliko yote: mambo ya kutazamia mwaka mzima, ya sanaa, ya ubunifu na ya safari. Kila mwezi ulikuwa na mraba wake kwenye kalenda. Mwezi wa pili, maonyesho ya viti vilivyotengenezwa kwa mbao za nyumba zilizobomolewa. Mwezi wa nne, treni mpya ya kupanda milimani, yenye madirisha mpaka kwenye paa. Mwezi wa tisa, jumba la sanaa linafunguliwa tena baada ya matengenezo. Na mwezi wa saba, maonyesho ya Mchoraji yanarudi nyumbani baada ya kuzungushwa nchi za watu. Yaliitwa *Wanaongoja*.

Katika mraba huo wa mwezi wa saba palitakiwa picha ya wasafiri wanaosubiri kituoni. Haikuwepo. Aliyekuwepo ni yeye mwenyewe Mstari, amelala kwenye benchi la hospitali, kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi kidogo, koti la kiume la kijivu limemfunika hadi kidevuni.

Wasanifu kurasa wana mazoea yao. Picha ikichelewa kufika, humwachi mwenzako akitazama shimo jeupe; unaweka picha yoyote ya ukubwa uleule ishike nafasi, kisha unaitoa, ile halisi ikija. Mstari aliweka iliyokuwa karibu na moyo wake, ile aliyochorwa na Mchoraji, mpenzi wake, na ambayo walikubaliana kwamba ni yao wawili tu. Picha ya kituoni ilipokuja, aliibadilisha kwenye ukurasa wa makala. Kwenye kalenda akasahau. Jicho lake lilipita pale mara nyingi na wala halikushtuka, kwa sababu picha ile ndiyo iliyolilaza na kuliamsha kila siku.

Mhariri alisimama nyuma yake na kikombe mkononi.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi."

Mhariri aliitazama picha, akamtazama na yeye, akairudia picha. "Imekaa vizuri," akasema mwishowe. "Hakuna msomaji atakayelalamika."

"Mama yangu ni msomaji."

"Anajua mambo yenu?"

"Anajua yamekwisha. Mimi ndiye niliyemwambia."

Mhariri alikiweka kikombe mezani. "Basi nenda nyumbani," akamwambia.

Laiti ingekuwa siku nyingine. Lakini alasiri hiyohiyo Mchoraji alikuwa anakuja nyumbani kwao. Jumapili alikuwa anaondoka na maonyesho yake, na wenye maonyesho walikuwa wamemtaka Mstari naye aende, awe anasanifu vitabu vya maonyesho kila mji watakaofika. Kiti chake kwenye ndege kilikuwa kinamsubiri. Alikuwa amemsihi Mchoraji asije, amwache atafute maneno mwenyewe. Mchoraji alikataa katakata. "Siondoki kama mwizi," alimwambia. "Nitamuaga mama yako mbele ya macho yake, na wewe utanijibu mbele ya macho yake."

Muuza magazeti wa kona ya mtaa wao alikuwa akimpelekea Mama nakala ya kwanza kila toleo, kwa heshima ya binti yake. Na Mama alikuwa na desturi ya kuchomoa kalenda siku hiyohiyo na kuibandika sebuleni. Mstari alitembea haraka, akaacha kutembea, akakimbia.

Alichelewa. Kalenda ilikuwa ukutani juu ya kochi, imebanwa kwa pini nne, na upande wa kulia umeshuka. Kwa mara ya kwanza maishani Mstari aliona kitu kimepinda na asikinyooshe. Mama alikuwa kwenye kiti chake kirefu, fimbo imeegemea goti, miwani juu ya paji la uso. Shangazi alikuwa mkekani anakunja nguo zilizokauka.

"Mbona mapema?" Mama akauliza.

"Kichwa kinaniuma kidogo."

"Pole. Kaa basi."

Alikaa kwenye kochi, palepale chini ya kalenda, akajinyoosha mgongo mpaka kisogo kikaufunika mraba wa mwezi wa saba. Alijipa matumaini kwamba macho ya Mama si ya zamani, kwamba miraba ni midogo, kwamba huenda hakutazama. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefikia ukutani.

"Kaa vizuri wewe," Shangazi akamwambia. "Umekaa kama unapimwa urefu."

"Ni kichwa, Shangazi."

"Kichwa kinachouma hulazwa. Hakisimamishwi."

Hodi ikapigwa.

Mchoraji aliingia akiwa amenyoa, shati limepigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi, na rangi ya bluu bado iko kwenye kucha. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye sauti ya chini, aliyezoea kutazama kabla ya kusema. Alimtazama Mstari mara moja tu.

"Shikamoo, Mama. Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba," Mama akaitikia. Hakumkaribisha, hakumfukuza. Mchoraji akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, magoti yakamfika kifuani.

Walikuwa wameonana mara moja tu, Mama na huyu kijana. Siku hiyo Mama alimuuliza anafanya kazi gani, akajibu, "Nachora." Mama akasubiri kidogo, akauliza, "Na kazi?" Shangazi aliicheka hiyo wiki nzima. Lakini baada ya kicheko Mama alimwita binti yake jikoni, akamwambia kwa utulivu kwamba mtu huyo asirudi tena, na Mstari, aliyekuwa hajawahi kumwona mama yake akiomba, akaona mikono yake inatetemeka. Ndipo akadanganya.

"Nimekuja kuaga, Mama," Mchoraji akasema. "Jumapili nasafiri."

"Nenda salama."

"Narudi mwezi wa saba."

"Wote husema hivyo," Mama akasema.

Shangazi aliacha kukunja nguo.

"Baba yake huyu aliniambia miezi mitatu," Mama akaendelea, bila hasira, kama mtu anayesoma bei ya vitu dukani. "Alikuwa mpiga gitaa. Bendi yao ilialikwa nje. Huyu alikuwa hajaota meno. Nilimfulia, nikamkunjia nguo zote, nikafurahi, maana alikuwa ametamani sana. Kisha siku moja nikafungua kabati nitafute kitu changu, nikaona kumbe nililikunja lote. Alichukua viatu vya mvua, alichukua hata kiwembe kibovu. Anayerudi hachukui kiwembe kibovu, mwanangu. Sikuachiwa hata kifungo."

"Ni ndugu yangu wa tumbo moja," Shangazi akasema, "na siwezi kumtetea."

"Mimi si yeye, Mama."

"Hata yeye hakuwa yeye mpaka alipoondoka."

Mchoraji aliinamisha kichwa. Alipokiinua hakumtazama Mama, alimtazama Mstari, na safari hii hakuondoa macho. "Sikuja kuaga tu," akasema. "Nimekuja kuomba twende wote. Kazi yake ipo, wanamtaka kwa kazi yake, si kwa ajili yangu. Lakini mimi namtaka kwa ajili yangu. Sitaki kumficha Mama."

"Unamtaka nani?" Mama akauliza polepole. "Mlishaachana."

Shangazi alimtazama Mstari, Mchoraji alimtazama Mstari, naye Mstari akaona kwamba hakuna mahali pa kuyaweka macho yake.

"Ulimwambia tumeachana?" Mchoraji akauliza.

"Nilimwambia."

"Mimi nikiwa napima ukuta wa kila mji kwa kufikiria utasimama wapi. Nakuuliza kila siku, umemwambia mama? Unasema, bado kidogo, anaendelea kuzoea. Anazoea nini? Anazoea kwamba sipo?"

"Usiniseme mbele ya mama yangu."

"Nitakusemea wapi? Nyuma yake nimekungojea mpaka nimechoka. Sema sasa. Unataka nini wewe? Si Mama, si mimi. Wewe."

Mstari alisimama. Alisahau kalenda, alisahau kisogo chake, alisahau kila alichokuwa anakilinda.

"Mama, nilikudanganya," akasema. "Hatukuachana hata siku moja. Uliponiambia asirudi niliona mikono yako, nikashindwa. Nampenda. Nampenda hata nikipanga ukurasa wa viti namwona yeye amekaa. Kila mwaka napanga safari za watu, nazinyoosha, nazipa rangi, kisha nazibandika hapa nyumbani nizitazame. Nimechoka kutazama. Nataka kwenda." Akaelekeza mkono mlangoni. "Lakini sitatoka mlango huu nikuache unafungua kabati. Sitaweza. Kwa hiyo Jumapili siendi. Na sitaolewa na mtu mwingine, kwa hiyo usinitafutie."

Machozi yalikuwa yanamtiririka wala hakuyafuta. Mchoraji naye alikuwa amesimama.

"Kwa hiyo jibu ni hapana," akasema kwa sauti ya chini.

"Jibu ni hilo ulilolisikia."

Mchoraji alitaka kusema jambo. Midomo ilifunguka, lakini macho yake yalikuwa yamepita juu ya bega la Mstari na kunasa ukutani. Alisogea hatua, akainama kidogo, kama alivyozoea kuinama mbele ya kazi zake.

"Hiyo," akasema. "Uliniapisha nisimwonyeshe mtu."

"Niliiweka ishike nafasi. Nikasahau kuitoa."

"Umeionyesha nchi nzima."

"Najua."

Mstari aligeuka amtazame mama yake. Mama alikuwa hajashtuka. Alikuwa anaishusha miwani yake kutoka kwenye paji la uso, bila haraka, mpaka ikakaa puani.

"Msihangaike," akasema. "Nimeiona tangu asubuhi. Kwani ni nani aliyeibandika?"

Shangazi alijifanya anatafuta kitu chini ya nguo.

"Tangu asubuhi?" Mstari akauliza. "Na ukaniacha nikae pale na shingo yangu?"

"Nilitaka nione utakaa mpaka lini." Mama hakutabasamu. Alimgeukia Mchoraji. "Sogea hapa, mwanangu. Niambie. Uliichora lini?"

"Siku ile uliyofanyiwa upasuaji wa nyonga, Mama. Asubuhi. Bibi yangu alikuwa amelazwa chumba cha pili. Huyu alikuwa amekesha kwenye benchi peke yake mpaka usingizi ukamshinda. Nilikuwa na penseli."

"Mlikuwa mnajuana?"

"Hapana. Sikujua hata jina lake."

"Na koti?"

Mchoraji alizitazama kucha zake.

"Nakuuliza koti alilofunikwa. Ni la nani?"

"Langu, Mama."

"Lina kifungo kimoja cha bluu."

"Cha kijivu kilidondoka. Hicho ndicho nilichokuwa nacho."

Mkono wa Mama ulikuwa unaipapasa fimbo, juu na chini. Alipozungumza, maneno yalikuwa kwa binti yake ingawa macho yalibaki kwa kijana.

"Nilipozinduka siku ile baridi ilikuwa inanitafuna mifupa. Ukanifunika koti. Nikakuuliza la nani, ukaniambia la nesi. Nikasema arudishiwe, ukasema zamu yake imekwisha, hajulikani. Nimemuulizia nesi huyo kila nilipokwenda kliniki. Wananitazama tu. Nikaliosha, nikalitundika nyuma ya mlango wangu. Kila asubuhi nikiamka nalivaa, na kila asubuhi namwombea mwenye koti apate heri."

"Niliona haya, Mama," Mstari akasema. "Nimelala mbele ya mwanamume nisiyemjua, naamka nimevaa koti lake. Ningekuambiaje siku ile? Na baadaye, ulipomkataa..."

"Baadaye nilimkataza mimi," Mchoraji akamkatiza. "Alitaka kusema. Nikamwambia nikubaliwe mimi, lisikubaliwe koti."

"Kiburi hicho," Shangazi akasema kutoka mkekani. "Watu wanaombewa dua kila siku na bado wanaona haya." Akavuta kamasi, na ilikuwa dhahiri kwamba si mafua.

Mama aliishika fimbo akainuka. Mstari alitaka kumsaidia, Mama akamzuia kwa kiganja. Alitembea mpaka kwenye kalenda, akausogelea ule mraba, uso karibu uguse karatasi.

"Nimekulea peke yangu," akasema akiwa amewapa mgongo. "Ukiwa mchanga nilikuwa nakutazama ukilala. Ulipokua ukaacha kulala. Unalala huku unasikiliza, mlango ukilia umeshaamka. Nikajua ni mimi niliyekutia hiyo hofu. Leo asubuhi nimekuona humu. Umelala kabisa. Nikasema, huyu aliyekaa karibu yake ni nani, mpaka mwanangu akalala hivi?"

Nje mtu alipita akipiga mluzi, akaenda zake.

"Jumapili utakwenda peke yako," Mama akamwambia Mchoraji, akigeuka. "Binti yangu si sanduku la kupakiwa na picha. Mwezi wa saba maonyesho yako yanarudi, ndivyo ilivyoandikwa hapa. Urudi nayo. Uje na wazee wako, waingie kwa mlango huo, waseme wanachotaka. Ndipo aende nawe popote, na mimi nitamkunjia nguo mwenyewe."

"Wifi," Shangazi akasema taratibu, "mwezi wa saba ni mbali. Fimbo ya mbali haiui nyoka."

"Basi ataacha kitu cha karibu. Mwanangu, niletee lile koti."

Mstari aliingia chumbani akalichomoa nyuma ya mlango. Lilikuwa linanuka sabuni na mafuta ya mama yake ya kujipaka magoti. Alilileta mikononi kama mtoto. Mchoraji, akidhani anarudishiwa mali yake, alinyoosha mkono.

"Ah, sikupi," Mama akasema. "Nataka ulitazame tu, uhakikishe ni lenyewe."

"Ni lenyewe, Mama."

"Haya. Linabaki hapa."

"Huko kuna baridi sana sasa hivi," Mchoraji akasema, na kwa mara ya kwanza alasiri ile uso wake ukalegea.

"Najua. Ukiisikia utakumbuka lilipo."

Mstari alimsindikiza mpaka nje ya mlango, wakasimama kwenye ngazi. Hawakushikana mikono, kwa sababu dirisha lilikuwa wazi na Shangazi hakuwa mbali nalo. Mstari alimnyooshea ukosi wa shati uliokuwa umelala upande mmoja. Vidole vyake vilikawia hapo.

"Nisamehe," akasema. "Nilikufanya uwe mtu aliyekwisha."

"Nilikasirika kweli."

"Najua. Bado umekasirika?"

"Kidogo. Itaniisha nikifika." Alimtazama kama anayetaka kumbeba kwa macho. "Utaningoja?"

"Nimeshachorwa," Mstari akamjibu. "Nitakataa vipi?"

Mchoraji alishuka ngazi bila kugeuka mpaka kwenye kona ya muuza magazeti. Hapo akageuka. Mstari hakupunga mkono, aliuweka kifuani tu, na akabaki ameuweka hapo hata baada ya kona kuwa tupu.

Jumapili asubuhi ndege ilipita juu ya mtaa wao. Huenda haikuwa yake. Zilikuwa zinapita nyingi. Mstari aliisikiliza mpaka ikaisha, kisha akafuta uso na kwenda sebuleni. Asubuhi hiyo kulikuwa na baridi ya kutosha kuingiza mtu mikono kwapani. Mama alikuwa kwenye kochi chini ya kalenda, amejifunika mtandio mwepesi, mabega yameinuka, anatetemeka kidogo.

"Mama, mbona hukuvaa koti?"

Mama hakumgeukia. Aliuvuta mtandio ukamkaa vizuri zaidi.

"Lile lina mwenyewe," akasema. "Anakuja kulichukua."